Wazazi Wanauliza: Simu moja, Arduino isiyowaka na munyu wa kupeleka mashindanoni

Barua za mwezi huu zimetoka Kisumu, Nakuru, Vihiga, Kakamega, Busia na Bungoma, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto ana hamu ya sayansi au kompyuta, mzazi aanzie wapi na asitoe pesa wapi? Tumefupisha barua bila kugeuza maana. Majibu ni marefu pale ambapo kazi yenyewe ina hatua nyingi.

Binti yangu yuko Gredi 5. Kompyuta hatuna. Tuna simu moja ya Android, na ndiyo ninayouzia omena. Bando nanunua ya siku. Kila ninapouliza kuhusu masomo ya kompyuta naambiwa nije na laptopu. Nifanyeje? — Mama, Nyalenda, Kisumu

Mama, anzia kwenye simu hiyo hiyo, wala usione haya. Ndani yake mna vipimo ambavyo maabara nyingi za shule hazina: cha mwendo, cha mwanga, cha sauti, na katika simu nyingine hata cha mgandamizo wa hewa. Pakua apu iitwayo phyphox mahali penye Wi-Fi. Ni ya bure, imetengenezwa na Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani, na ikishaingia kwenye simu inafanya kazi bila bando.

Kazi ya kwanza iwe kupima kasi ya sauti. Azima simu ya jirani kwa nusu saa, iwekeeni apu hiyo hiyo, kisha tafuteni uwanja uliotulia. Pimeni mita 5 kamili kwa tepu na muweke simu moja kila upande. Fungueni kwenye simu zote mbili ile saa inayoitikia sauti, iliyoandikwa "Acoustic stopwatch". Wewe piga kofi moja kali karibu na simu yako, na saa zote mbili zitaanza. Hesabuni hadi mbili, kisha mtoto apige kofi karibu na simu yake, nazo zitasimama. Namba hazitalingana. Tuseme yako imesoma sekunde 2.351 na yake 2.322. Tofauti ni 0.029. Sauti imekwenda mita 5 kuelekea kwake na mita 5 kurudi kwako, yaani 10. Gawanyeni 10 kwa 0.029 mpate kama mita 345 kwa sekunde. Kwa joto la Kisumu, jibu sahihi ni karibu 346.

Mara ya kwanza huenda mkapata 250 au 500, na hapo ndipo somo lilipo. Apu ina mahali pa kuweka kizingiti cha sauti. Kikiwa chini mno, jogoo au bodaboda ya barabarani itaanzisha saa kabla yenu. Kikiwa juu mno, simu ya mbali haitasikia kofi. Mkiwa karibu na ukuta, mwangwi unaweza kuisimamisha saa mapema. Rudieni mara kumi, tupeni tu vipimo ambavyo mnajua vimeharibiwa na nini, kisha mchukue wastani. Mtoto akieleza kwa nini ametupa kipimo fulani, amefanya kazi ya mwanasayansi.

Kwa upande wa kuandika programu, Pocket Code ni apu ya bure inayotumia matofali ya kuburuta kwa kidole, na imetengenezwa kwa ajili ya simu. Scratch, ambayo shule nyingi huitumia, ni nzuri zaidi ila haifai kwenye simu ndogo, inataka kompyuta au kishikwambi. Programu yake ya kompyuta ikishapakuliwa haihitaji intaneti. Kwa hiyo nenda na binti yako kwenye maktaba ya umma ya Kisumu siku ya Jumamosi, muulize mhudumu kama kompyuta zao zinayo au kama anaruhusu iwekwe. Muwe na flashi, maana kazi iliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya watu wengi haikai.

Jambo la mwisho ni M-Pesa yako. Ukimpa mtoto simu, tumia uwezo wa Android wa kubandika apu moja kwenye skrini. Uko kwenye mipangilio ya usalama. Washa pia chaguo la kuomba namba ya siri, na hapo hatatoka kwenye apu hiyo bila namba yako.

Mtaani kwetu kuna bango la kambi ya roboti wakati wa likizo ya Aprili. Ada yake kwangu ni pesa nyingi. Nitajuaje kama ni ya kweli? — Baba, Kaptembwa, Nakuru

Usianze kwa kuuliza cheti. Uliza watoto wangapi wanatumia seti moja. Wawili kwa seti ni vizuri, watatu bado inawezekana, lakini wakiwa watano basi wawili wanajenga na watatu wanatazama, na mara nyingi walio nyuma ni wasichana na watoto wapole. Swali hili moja hutenganisha kambi nzuri na mbaya kuliko mengine yote, na mwenye kambi nzuri hulijibu papo hapo kwa sababu amekwisha kulipangia.

Kisha uliza mtoto atarudi nyumbani na nini. Roboti yenyewe ni ghali na kwa kawaida hubaki kwao, hilo si kosa. Lakini programu aliyoandika ni kazi yake, na anapaswa kuja nayo kwenye flashi. Kambi isiyotoa faili mara nyingi ni kambi ambayo mwalimu aliandika programu na watoto wakabonyeza tu. Uliza pia umeme ukipotea wanafanya nini, na waliokuja likizo iliyopita watafanya kazi gani mpya. Ukiambiwa ni lile lile gari linalokwepa ukuta, mpeleke mtoto mara moja tu.

Omba kukaa darasani nusu saa kabla ya kulipa. Tazama mikono ya watoto. Mwalimu akiona kosa, je, anamnyang'anya mtoto kipanya alirekebishe yeye, au anamuuliza alitarajia nini kitokee? Na kama wanapiga picha za kutangaza biashara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa taarifa za mtoto. Una haki ya kukataa picha na mtoto aendelee kusoma.

Kama ada imekushinda, kuna njia nyingine ambayo kwa maoni yetu ni bora kwa watoto wengi. Wazazi wanane hadi kumi wa mtaa mmoja wachange wanunue micro:bit mbili. Ni bodi ndogo yenye taa 25, vitufe viwili, kipima mwendo na kipima joto, na inaendeshwa na betri mbili ndogo za AAA. Programu yake huandikwa kwa MakeCode ndani ya kivinjari, ambamo mna mfano wa bodi kwenye skrini, hivyo watoto sita wanaweza kuandika na kujaribu huku wawili wakiwa na bodi mkononi. Kama shule ya mwanao ni ya msingi ya umma, mwulize mwalimu mkuu, kwa heshima na mbele ya kamati ya wazazi, vishikwambi vya mpango wa serikali ulioanza 2016 viko wapi na vinachajiwa na nani.

Nilimnunulia kijana wangu wa miaka 14 seti ya Arduino Uno. Kompyuta haiioni kabisa. Alipoiwasha kwa betri, taa moja ndogo ya LED iliwaka mara moja ikafa. Je, nimeuziwa kitu kibovu? — Mzazi, Shinyalu, Kakamega

Yaelekea bodi ya Arduino, ile kompyuta ndogo isiyo na skrini, ni nzima. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na yote mawili yana dawa.

Tuanze na kompyuta. Nyaya nyingi za USB zilizoko nyumbani ni za kuchaji tu, yaani ndani zina nyuzi mbili za umeme na hazina zile mbili za kupitisha data. Taa ya bodi itawaka, kila mtu ataamini imeunganishwa, na kompyuta haitaona chochote. Jaribu waya mwingine, hasa wa printa, kwa sababu Uno nyingi hutumia plagi ya mraba ile ile. Kama bado, tazama chip ndogo iliyo karibu na plagi ya USB. Bodi za bei nafuu hutumia CH340, na Windows nyingine haina draiva yake, yaani programu ya kuitambua. Kijana aipakue, aiweke, azime kompyuta na kuiwasha tena. Kisha kwenye menyu ya "Tools" achague Arduino Uno na namba ya COM, yaani mlango wa bodi kwenye kompyuta, inayojitokeza akichomeka bodi na kutoweka akiichomoa.

Akituma programu na kupata maneno "not in sync", mara nyingi amechagua COM isiyo sahihi, au kuna waya umechomekwa kwenye pini 0 na 1. Pini hizo mbili ndizo zinazopokea programu. Achomoe nyaya zake, atume, kisha azirudishe. Programu ya kwanza iwe "Blink", inayowasha taa iliyo kwenye bodi yenyewe karibu na pini 13. Haihitaji kuunganisha chochote, na ikiwaka mnajua bodi, waya na kompyuta vyote ni vizima.

Sasa LED. LED si kama balbu ya tochi. Ikishawaka, inakubali mkondo wote inaopewa hadi iungue, na rezista ndiyo inayouzuia. LED nyekundu hutumia karibu volti 2. Pini ya Uno hutoa 5, zinabaki 3. Ukiweka rezista ya ohm 220, mkondo unakuwa kama miliampea 14, na pini inafaa isizidi 20 kwa kazi ya kila siku. Kwenye betri ya volti 9 zinabaki volti 7, hivyo tumieni ohm 470. Mguu mrefu wa LED uelekee upande wa chanya. Ukigeuzwa haiwaki.

Someni rangi za rezista kwa makini. Ya 220 yenye mistari minne ni nyekundu, nyekundu, kahawia, dhahabu. Ikiwa wa tatu nao ni mwekundu hiyo ni 2,200, na LED itawaka kwa unyonge hadi mdhani imekufa. Seti nyingi sasa huja na rezista za buluu zenye mistari mitano, na hapo 220 ni nyekundu, nyekundu, nyeusi, nyeusi, kahawia.

Kwenye bredibodi, ule ubao wa matundu wa kuunganishia vifaa, matundu matano ya safu moja yameunganishwa kwa ndani. Miguu miwili ya LED ikiingia kwenye safu moja, umeme unapita chini yake na taa haiwaki. Katika bredibodi ndefu, njia za umeme za pembeni nazo mara nyingi hukatika katikati. Mstari mwekundu uliochorwa ukiwa na pengo, ndivyo ilivyo pia ndani.

Akifika kwenye mota, usimruhusu aiunganishe moja kwa moja kwenye pini. Hata ile mota ndogo ya buluu iitwayo servo ikivuta mzigo inaishusha volti na bodi inajizima na kujiwasha. Ipewe betri zake, nne za AA, na waya hasi wa betri uunganishwe na pini ya hasi ya bodi, iliyoandikwa GND. Bila kuunganisha hasi hizo, servo itatetemeka tu. Betri ya mraba ya volti 9 haifai kwa mota, inachoka upesi mno.

Binti yangu ameingia Gredi 10 shule ya kutwa. Anataka kushiriki mashindano ya sayansi lakini mwalimu anasema shule haina vifaa. Ninaweza kumsaidia? — Mama, Luanda, Vihiga

Unaweza, na jikoni kwako mna mradi. Mashindano ya Kenya Science and Engineering Fair, yaliyokuwa yakiitwa Science Congress, huanza kaunti ndogo, yakaenda kaunti, kanda, kisha taifa. Mwanafunzi hujiandikisha kupitia shule, kwa hiyo mwalimu mmoja lazima akubali kuusimamia mradi. Ngazi za mwanzo hufanyika mapema mwakani, hivyo anayeanza kupima baada ya shule kufunguliwa Januari amechelewa. Muhula wa tatu na likizo ya Desemba ndio wakati wa kazi. Lipo pia shindano la Young Scientists Kenya, lililoanzishwa kwa ushirikiano na Ireland, nalo hupitia kwa walimu. Mradi mmoja mzuri unaweza kumpeleka kokote.

Kinachoangusha wanafunzi wengi ni kupeleka kitu badala ya swali. Mtoto anatengeneza mfano wa bwawa la umeme kwa katoni, unapendeza, jaji anauliza "ulipima nini?" na hakuna jibu. Kwa hiyo aanze na swali linalojibiwa kwa namba.

Mfano ni munyu, yale maji ya majivu mnayopikia mrenda na kunde. Swali: majivu ya maganda ya maharagwe, ya maganda ya ndizi na ya magunzi ya mahindi, yapi yanatoa munyu mkali zaidi? Achome kila aina peke yake hadi majivu yawe ya kijivu cheupe, maana yenye makaa meusi hayajaungua vizuri na yatampa namba za uongo. Ayachekeche, apime gramu 50 za kila aina, atie mililita 500 za maji, akoroge dakika 5, aache nusu saa, kisha achuje kwa kitambaa safi mara mbili.

Kiashiria atengeneze kwa maua mekundu ya hibiskasi, yale ya kwenye ua wa nyumba. Petali kumi kwenye kikombe cha maji ya moto, dakika kumi, achuje. Ndimu huyageuza mekundu, na munyu huyageuza kijani. Atengeneze mapya kila siku ya kupima kwa sababu yakilala rangi hufifia.

Kisha achukue mililita 5 za munyu kwa sirinji isiyo na sindano, atie matone kumi ya kiashiria, halafu adondoshe siki nyeupe tone moja moja huku akitikisa na kuhesabu. Kila tone litaleta wekundu unaopotea. Hiyo ni kawaida. Ahesabu hadi wekundu ukae sekunde 30 bila kurudi. Matone mengi zaidi maana yake munyu mkali zaidi. Arudie mara tatu kwa kila aina, na afanye mchomo wa pili wa majivu mapya ili aone kama matokeo yanashikilia.

Siki iwe chupa moja kwa mradi mzima. Asitumie ndimu kupimia, kwa kuwa uchachu wa ndimu moja si wa nyingine. Kidondoshi kiwe kile kile na kishikwe wima, la sivyo matone yanabadilika ukubwa. Kiashiria kikikaa muda mrefu kwenye munyu mkali hugeuka manjano ya kahawia na kuharibika, basi akitie dakika ile ya kupima. Na munyu huunguza macho, kwa hiyo miwani ya kukinga ni lazima, hata kama ni ya fundi wa kuchomelea yenye lenzi angavu.

Daftari la mradi ndilo litakalomtetea. Liandikwe kwa kalamu ya wino siku ile ile, lenye tarehe, na makosa yakatwe kwa mstari mmoja bila kufutwa. Jaji akiliona daftari safi mno hushuku limenakiliwa usiku wa kuamkia mashindano. Mwalimu naye akioneshwa jedwali la kwanza lenye namba tisa, mara nyingi hukubali, maana sasa anaombwa kusimamia tu, haombwi vifaa.

Ninalea wajukuu wawili, wa miaka 5 na 7. Wazazi wao wako Nairobi na wanataka kutuma kishikwambi cha kujifunzia. Mimi naona ni wadogo. — Nyanya, Busia

Nyanya, heshima zako. Tunakubaliana nawe kwamba kishikwambi kinaweza kungoja. Wakitaka kutuma kitu, watume lenzi ya kukuzia, tepu ya kupimia na mizani ndogo ya jikoni.

Chomekeni kijiti kilichonyooka uani, muweke jiwe kwenye ncha ya kivuli kila saa. Busia iko karibu kabisa na Ikweta, kwa hiyo tarehe 21 Machi na 22 Septemba hivi jua hupita utosini na kivuli hupotea. Lakini hakipotei saa sita kamili. Machi kinapotea kama saa sita na dakika 51 mchana, na Septemba kama saa sita na dakika 36. Saa ya Kenya inafuata longitudo ya 45 mashariki, na Busia iko digrii karibu 11 magharibi ya hapo. Kila digrii ni dakika 4. Zile dakika chache za ziada au pungufu zinatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua. Mjukuu wa miaka 7 hatafuata hesabu yote, ila ataona kwa macho yake kwamba saa ya ukutani na jua havisemi kitu kimoja, na atauliza.

Tochi mbovu na redio mbovu ya betri wafungue, baada ya kutoa betri. Televisheni ya zamani ya mgongo mkubwa, maikrowevu, betri ya simu na pawabenki wasiguse kabisa. Mbili za kwanza hubaki na umeme wa kuua hata zikichomolewa, na betri ya simu ikitobolewa huwaka moto.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi. Tunataka safari ya sayansi isiyo ya kula chipsi na kurudi. Twende wapi? — Njoro

Msiende mbali kabla ya kumaliza Njoro. Kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hapo kwenu hupanda ngano inayotoka nchi nyingi ili kuona ipi inastahimili ugonjwa wa kutu ya shina, ikiwemo ile aina kali ya Ug99. Mtoto anaweza kusimama kwenye shamba moja akaona mistari iliyoliwa na mistari iliyosimama, na kuelewa uteuzi wa mbegu kuliko kwa kusoma sura nzima. Chuo Kikuu cha Egerton nacho kiko mlangoni kwenu. Andikeni barua rasmi ya shule wiki kadhaa mapema, mkitaja gredi, idadi ya watoto na mada wanayosoma darasani. Barua isiyotaja mada huletewa matembezi ya jumla.

Kwa historia ya binadamu, Hyrax Hill iko nje kidogo ya mji wa Nakuru kwenye barabara ya Nairobi, mahali mwanaakiolojia Mary Leakey alipochimba 1937. Kariandusi, karibu na Gilgil, ina mashoka ya mawe, na udongo mweupe wa eneo hilo ni daiatomaiti, mabaki ya mimea midogo mno ya ziwani.

Olkaria iko Naivasha, ndani ya kaunti yenu. Mtambo wake wa kwanza wa umeme wa mvuke ulianza kazi 1981. Ombeni kibali KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, na mkipita kwenye hifadhi ya Hell's Gate muulizeni ada ya KWS, shirika la wanyamapori, mapema. Viatu viwe vya kufunika vidole. Wapeni watoto swali moja la kwenda nalo: kwa nini mvuke hutenganishwa na maji kabla haujafika kwenye tabo, ule mtambo unaozungushwa na mvuke? Wamuulize mhandisi, naye atawaeleza matone ya maji hufanya nini kwenye mapanga yanayozunguka kwa kasi ile.

Mwanangu yuko Gredi 9 na anataka mkondo wa STEM. Tuangalie nini? — Baba, Bungoma

Angalieni masomo ya shule, si jina lake. Mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, una masomo mengi, kuanzia Fizikia, Kemia na Biolojia hadi Kilimo, Kompyuta, Umeme, Ufundi wa Mbao na Uchoraji wa Ramani za Ufundi, na mwanafunzi huchagua matatu. Si kila shule inafundisha yote. Akitaka uhandisi, Fizikia na Kemia zisikosekane, pamoja na Hisabati ile kamili. Ikiwezekana fikeni shuleni siku ya kawaida, muombe kuona maabara. Vumbi kwenye mabomba ya maji na meza zilizopangwa viti vya darasa husema mengi.

Msingoje mtihani wa mwisho peke yake. Katika alama za kupangiwa shule ya upili, KJSEA, yaani mtihani wa Gredi 9, ni asilimia 60, tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 ni 20, na KPSEA ya Gredi 6 ni 20. Kazi ya mradi anayofanya darasani sasa hivi nayo inahesabiwa katika KJSEA.

Kijana wangu haoni vizuri, anasoma kwa sauti ya kompyuta. Ameambiwa programu si za watu kama yeye. — Mama, Kisumu

Aliyemwambia hivyo amekosea, na tunasikitika kwamba mtoto aliambiwa. Kilichopo ni kwamba programu za matofali kama Scratch zinategemea kuona na kuburuta, na visoma skrini havizisomi vizuri. Mruke hatua hiyo. Awekewe NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, aingie moja kwa moja kwenye Python, ambayo ni maandishi matupu. Katika Python nafasi za mwanzo wa mstari zina maana, kwa hiyo washeni kwenye mipangilio ya NVDA uwezo wa kutangaza ujongezaji, ama kwa maneno au kwa milio inayopanda. Bila hapo atapata makosa asiyoyasikia.

Kwa kazi ya mikono, micro:bit ya toleo la pili, iliyotoka 2020, ina spika na maikrofoni, hivyo matokeo yake yanasikika badala ya kuonekana tu. Mzoeshe kutambua ukingo wenye miguu ya dhahabu kwa kidole, na mashimo makubwa yake matano ya kubania nyaya. Walimu wa shule ya wasioona ya Kibos wanafahamu vifaa vya kusomea vya aina hii. Nenda na kijana mwenyewe, aulize maswali yake.